Beki Mgeni

Maji yakipwa Diani, ufuo huwa mgumu wa kutosha kuchezea kandanda. Beki wa kati aliyehamia timu ya hapa kutoka Msambweni anawahi mazoezini, lakini haukimbilii mpira. Anamtazama kipa: akiitokea krosi, hufika wapi? Eneo lililobaki kati ya kipa na visigino vyake mwenyewe ndilo atakalolilinda peke yake.

Kisha majirani. Beki wa kulia anapenda kupanda. Kila akipanda, mgeni anasogea kuziba na kumwita kiungo mkabaji ashuke. Wa kushoto ni mzito kugeuka, basi mgeni anakaa nyuma zaidi. Haya hayaandikwi ubaoni. Anayapata kwa kutazama na kuuliza kwa adabu, maana wenyeji wamelelewa pamoja na wanaelewana bila kuitana.

Beki Joash Onyango aliifanya kazi hiihii mbele ya umati alipotoka Gor Mahia ya Kenya kwenda Simba ya Tanzania mwaka 2020. Alimkuta Aishi Manula golini, Shomari Kapombe kulia, Mohamed Hussein kushoto na Pascal Wawa ubavuni. Msimu huo Simba iliongoza kundi lenye Al Ahly katika Ligi ya Mabingwa Afrika, ikafungwa mabao 2 tu katika mechi 6. Wengi hulisimulia bao la Luis Miquissone lililoilaza Al Ahly jijini Dar es Salaam. Mimi navutiwa zaidi na karibu saa nzima iliyofuata, bao lile likilindwa.

Mpira mrefu unapigwa. Mgeni amekaa upande, magoti yamelegea, kichwa kinazunguka: mpira, mtu, mpira. Kusi inavuma, kwa hiyo anarudi hatua mbili za ziada. Mshambuliaji anautuliza, anayumbisha kiuno. Beki hajitupi. Anamsindikiza kuelekea majini, upande wa mguu dhaifu wa mshambuliaji, mpaka mpira unapomtoka nusu hatua. Hapo ndipo mguu unaponyooka, na mpira ni wake.

Mtego wa kuotea ndio mgumu. Mabeki wanne lazima wapande pamoja, na leo wa kulia amechelewa, bao. Mgeni hafoki. Anamshika bega, anachora mstari mchangani kwa kisigino na kumwonyesha alipopaswa kuwa. Wanaanza upya, safari hii kwa kutembea.