Mikono Imetulia, Macho Yanatazama

Umekaa kutazama filamu kwenye kompyuta ya Linux. Picha imejaa skrini nzima, kipanya umekiweka kando. Dakika ya kumi ikitimia, skrini inakuwa nyeusi huku sauti ikiendelea. Kompyuta haijakosea hesabu. Kwake, kibodi na kipanya visipoguswa, hakuna mtu. Inahesabu mikono, macho haiyaoni. XScreenSaver, kihifadhi skrini cha Jamie Zawinski kilichoanza mwaka 1992, husubiri dakika 10 isipobadilishiwa mipangilio.

Tiba ambayo wengi hukimbilia ni kuzima kila kitu: xset s off, kisha xset -dpms. Ina kasoro mbili. Kwanza, amri hizo huielekeza seva ya X, programu inayochora madirisha kwenye skrini, ilhali XScreenSaver ina saa yake yenyewe na inaweza kuendelea kama kawaida. Pili, zikifanya kazi, hubaki hata filamu ikiisha. Kihifadhi skrini kilibuniwa enzi za skrini za CRT, ambazo picha isiyosogea iliziachia alama ya kudumu. Leo kazi yake kubwa ni kufunga kompyuta kwa nywila mwenyewe akiondoka. Kukizima kabisa ni kung'oa kitasa cha mlango ili mgeni mmoja apite.

Tiba ya pili ni kuirudisha saa nyuma kabla haijafika mwisho. Kicheza video MPlayer kilikuwa na chaguo la heartbeat-cmd, lililoendesha amri uliyoitaka kila sekunde 30 video ikicheza. Ukiweka xscreensaver-command -deactivate, hesabu inaanza upya. Kwa video za Flash ndani ya kivinjari, mafundi waliandika skripti ndogo zilizokagua dirisha linalotumika kila baada ya muda mfupi: lina alama ya _NET_WM_STATE_FULLSCREEN? Likiwa nayo, saa inarudishwa. Werevu huo nauheshimu, lakini ulikuwa wa kukisia. Dirisha kujaza skrini si ushahidi kwamba video inacheza. Filamu ikisimamishwa, skripti ya namna hiyo huendelea kulinda picha iliyoganda.

Kinachojua kwa hakika kuwa video inacheza ni kicheza video chenyewe, na njia ya tatu inakipa nafasi ya kusema. Kupitia D-Bus, njia ambayo programu hutumiana ujumbe, kinaita Inhibit kwenye huduma ya org.freedesktop.ScreenSaver, kikitaja jina lake na sababu ya ombi. Kinapewa namba, mfano wa risiti. Video ikiisha, kinairudisha kwa UnInhibit. Programu ikianguka kabla ya kuirudisha, muunganisho wake hukatika, na huduma iliyoandikwa vizuri hufuta ombi hilo papo hapo. Wayland, mfumo wa skrini unaochukua nafasi ya X, imekwenda mbali zaidi: ombi hufungwa kwenye dirisha, na dirisha likifichika, ombi halizingatiwi tena.

Hapo ndipo ubora wa kazi unapopimwa. Kuzuia skrini isizime ni rahisi. Kazi ngumu ni kuhakikisha kizuizi kinaondoka pamoja na sababu yake. Jaribu kwa mpv: sitisha filamu katikati, uende kupokea mgeni mlangoni. Kicheza video huachia kizuizi hapohapo, saa inaanza kuhesabu, na usiporudi, kompyuta inajifunga.