Qasil Haichaguliwi kwa Macho

Ukiingia Suq Mugdi mjini Garissa asubuhi, jua likiwa bado halijaanza hasira zake, utawakuta kina mama wamepanga unga wa rangi tele: huruud ya manjano, hina, na katikati yake qasil. Mgeni hunyoosha kidole moja kwa moja kwenye ile iliyo kijani kuliko zote. Mwenyeji huchota kidogo, akasugua baina ya vidole viwili, akanusa kwa mbali, kisha akaomba maji.

Qasil ni majani ya mkunazi yaliyokaushwa na kutwangwa. Wasomali huuita mti huo gob, nao huota kandokando ya Mto Tana na kwenye laga, zile njia za maji zinazokauka mvua ikiisha. Mbuzi na ngamia huyatafuna majani yake, watoto hugombania kunazi, na wanawake huosha nywele na uso kwa unga wake. Ni jani lile lile la kuoshea maiti: katika hadithi iliyosimuliwa na Umm Atiyya, Mtume (s.a.w.) aliagiza binti yake aoshwe kwa maji na mkunazi. Bi harusi na maiti wanahudumiwa na mti mmoja, ndiyo maana wazee huudhika sana wakiuziwa mchanga kwa jina lake.

Kinachosafisha ni saponini, kitu kilichomo ndani ya jani kinachotoa povu kama sabuni. Basi anayepima ubora anauliza mambo mawili tu: humu mna jani kiasi gani, na jani lenyewe lina nguvu bado? Rangi huyajibu hayo nusunusu. Maji huyajibu yote.

Chukua chupa ndogo inayoonyesha ndani, tia maji safi na kijiko kimoja cha chai cha qasil, funga, tikisa kwa nguvu. Qasil njema hutoa povu la viputo vidogo vilivyoshikana, na povu hilo halina haraka ya kuondoka. Nenda kaulize bei ya mchele, msalimie jirani, urudi. Ukilikuta limesimama, fungua pochi. Likitoa mapovu makubwa yanayopasuka huku unayatazama, umepewa majani yaliyokaa ghalani mpaka yakachoka, au majani ya mti mwingine kabisa. Na ukiona povu jingi la ajabu, linateleza, linanukia maua, mimi hapo nashuku sabuni ya unga.

Usiimwage chupa bado. Iweke chini itulie. Mchanga hutangulia kushuka, kwa kuwa ni mzito kuliko jani, nao utauona umejipanga chini kama mstari wa rangi nyingine. Kiasi kidogo nakisamehe. Hii ni Garissa, na vumbi halina mwenyewe. Mstari ukiwa mnene, unanunua barabara. Mara nyingi kosa hilo huanzia kwenye kuchuma: majani ya kando ya njia, yaliyochumwa wakati wa jiilaal, yaani kiangazi, vumbi likiwa limeyafunika, na hakuna aliyeyasuuza. Ndiyo maana napenda kununua baada ya mvua za gu, mti ukiwa umeoga wenyewe.

Sasa tazama rangi ya maji. Kijani cha jani, yaani klorofili, hakiyeyuki kirahisi katika maji baridi. Qasil halisi huyageuza maji yakawa kama chai hafifu, manjano yenye ukungu wa kijani. Maji yakiwaka kijani kama soda, kuna mtu ametia rangi. Asiye na chupa aloweshe kitambaa cheupe cha pamba, anyunyizie chembe chache juu yake: jani huacha doa la uvivu, rangi ya dukani hukimbia kwenye nyuzi.

Pua nayo ina kazi yake. Qasil iliyotwangwa ikachekechwa vizuri huipanda pua na kuichokoza. Siku moja nilinusa unga wa kijani kizuri mno nikangoja. Kimya. Nikamwambia muuzaji, mama mtu mzima mwenye heshima zake, "Eeddo, mbona hii hainipigishi chafya?" Akacheka, akanijibu, "Abaayo, hiyo ni ya kupigia picha," kisha akainama chini ya meza akatoa kopo la zamani la maziwa ya unga. Nilipiga chafya nne. Harufu unayoitaka ni ya nyasi kavu, yenye uchungu kidogo. Harufu ya ukungu maana yake jani lilifungwa kabla halijakauka, na unga wa namna hiyo usiuweke usoni hata ukipewa bure.

Ukaushaji ni wa kivulini. Jani lililoanikwa juani hupauka likawa kama bua, na huu ndio upande ambao rangi inasema kweli: kahawia iliyokufa ni dalili mbaya. Tangu Kenya ipige marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, wengi hufunga kwa karatasi inayoikinga na jua, na mimi naona qasil ilinufaika. Mitungi inayoonyesha ndani, iliyopangwa mbele ya duka ikipigwa na jua kutwa nzima, ni mapambo.

Nyumbani, koroga na maji ya vuguvugu mpaka iwe kama uji mzito, uiache kidogo. Njema huvutika kama mlenda. Kwenye nywele, chembe zisizochekechwa zitakusumbua siku mbili. Kwenye uso zitakukwaruza. Fumba macho, maana huwasha kweli. Usoni wengi huchanganya na huruud kidogo na maziwa. Ioshe kabla haijakauka ikaanza kupasuka. Nywele zikishaoshwa huwa kavu, kwa hiyo mafuta ya ufuta yawe karibu.

Naulizwa kama unga huu unalika, kwa sababu siku hizi unga wa majani umehamia jikoni: mlonge kwenye uji, na stevia, ambayo wakulima wa Kericho wamewahi kuilima, kwenye chai badala ya sukari. Hapana, qasil iache bafuni. Tena mjujuba wa Asia, jamaa wa karibu wa mkunazi, majani yake yana ziziphini inayozima utamu ulimini: tafuna jani, kisha ramba sukari, utadhani umeramba chumvi isiyo na chumvi. Kwa mji unaokunywa shaah, yaani chai, yenye sukari kama yetu, hiyo ni adhabu.

Nunua kidogo kidogo, na uende sokoni na chupa yako ya maji. Muuzaji mwenye mali safi hatakasirika. Qasil bora niliyowahi kushika ilikuwa na rangi ya kijani ya kawaida tu, haikumvutia yeyote pale mezani, na povu lake lilikuwa bado limesimama nilipomaliza kikombe changu cha pili cha shaah.