Kitabu cha zahanati hakiulizi ukuta

Ukiingia zahanati ya mwambao wa Ziwa Tanganyika, utakuta mezani Kitabu cha 5 cha MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, kile cha wagonjwa wa nje. Jina, umri, jinsi, mahali anapoishi, kipimo, ugonjwa. Mwisho wa mwezi mhudumu hujumlisha: wangapi walipimwa malaria, wangapi walikutwa na vimelea. Jumla hupanda wilayani na kuingia kwenye kompyuta. Safu ya mahali anapoishi hubaki kitabuni, na hilo linaniuma kila ninapozisoma takwimu hizi.

Mwaka 2018 Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Malaria uliacha kuipangia nchi nzima mkakati mmoja. Sababu ilionekana. Katika utafiti wa kaya wa 2017, watoto wa miezi 6 hadi 59 waliokutwa na vimelea kitaifa walikuwa kama 7 katika kila 100. Kigoma walikuwa 24. Utafiti wa 2015-16 ulikuwa umekuta 38. Mkoa ulikuwa umeteremka sana, na bado ulikuwa juu ya wenzake.

Halmashauri 184 za Tanzania Bara zilipimwa kwa vigezo vinne: wagonjwa kulingana na idadi ya watu, sehemu ya waliokutwa na malaria kati ya waliopimwa vituoni, vimelea kwa wajawazito wanaopimwa hudhurio la kwanza la kliniki, na vimelea kwa wanafunzi wa shule za msingi. Ufundi uko kwenye kuchanganya. Takwimu za wagonjwa humhesabu aliyefika tu. Aliyenunua dawa duka la kijijini, kwa kuwa nauli ya boti ilimshinda, hayumo. Mjamzito naye homa haikumleta. Amekuja kwa ajili ya mimba, kwa hiyo damu yake inatusimulia waliobaki nyumbani. Na mtoto wa shule anaweza kubeba vimelea huku akicheza mpira. Halmashauri zikapangwa katika makundi manne, kuanzia hatari ndogo sana hadi kubwa, na baadaye hesabu ikashushwa hadi kata, zaidi ya 3,000.

Ni kazi nzuri, tena imetumia madaftari ambayo kwa miaka mingi yalijazwa na kusahaulika kabatini. Lakini takwimu hizi hubebwa na kituo. Mgonjwa aliyevuka kata mbili kufuata dawa huhesabiwa alikotibiwa, na nyumba alimoumwa na mbu usiku haionekani popote.

Nyumba ina uzito wake. Mbu wa malaria hupenda kupita kwenye mwanya unaoachwa kati ya ukuta na paa. Uchambuzi wa tafiti za kaya za nchi 21 za Afrika, za 2008 hadi 2015, ulikuta uwezekano wa maambukizi kwa watoto wa nyumba za kisasa ukiwa pungufu kwa asilimia 9 hadi 14. Kwa wanaolalia chandarua chenye dawa, upungufu ulikuwa 15 hadi 16. Tofauti ni ndogo, na ukuta hauchaniki kama chandarua. Mwenye nyumba bora mara nyingi ana kipato bora pia, ndiyo maana huko Mtwara zilijengwa nyumba 110 za majaribio, familia zikapatikana kwa kura, ili nyumba ipimwe yenyewe.

Wazee wa ukanda huu hawahitaji kushawishiwa kwamba nyumba inaweza kuleta ugonjwa. Wanaijua homa ya papasi, mdudu anayejificha katika nyufa za sakafu ya udongo. Mtafiti wa Kijerumani Robert Koch alichunguza jinsi papasi anavyoieneza, hapa Afrika Mashariki, mwaka 1905.

Sensa ya Watu na Makazi ya 2022 iliuliza paa, ukuta na sakafu. Kwa hiyo serikali inazijua nyumba upande mmoja na wagonjwa upande wa pili. Kiungo ni ile safu iliyobaki kitabuni. Dar es Salaam, katika mpango wake wa kuua viluwiluwi ulioanza 2004, wakazi walichora ramani za eneo kwa eneo, wakifuata mipaka ya nyumba kumi kumi. Ujiji, mkoani Kigoma, ina wenyeviti wa mitaa wanaoweza kufanya hivyo.

Kituo kihesabu wagonjwa kwa mtaa, si kwa jumla tu. Pale mtaa mmoja unapojirudia, mhudumu wa afya wa jamii apite na mwenyekiti wakiandika mambo matatu: mwanya wa paa, madirisha, sakafu. Mwanya huzibwa kwa tofali na udongo ule ule uliojenga ukuta, mradi dirisha liwekwe wavu, maana nyumba iliyozibwa bila hewa huwa na joto na moshi, na mwenyewe ataufungua mwanya tena kabla ya masika.