Menyu ya Wenyewe

Mikahawa kadhaa ya Kichina niliyokula Kilimani na Hurlingham ina menyu mbili. Ya kwanza ni ya Kiingereza, imefunikwa plastiki, na unaijua hata kabla hujaketi: wali wa kukaanga, nudo, kuku wa mchuzi mwekundu wenye sukari. Ya pili ni ya Kichina, ina picha, na hulala kaunta. Ukitaka kula kile Wachina wenyewe wanakula, itabidi uiitishe hiyo.

Menyu ya kwanza ni tafsiri ya tafsiri. Wahamiaji kutoka Guangdong walipofika Marekani na Uingereza walipikia wateja waliokuwepo, kwa viungo vilivyopatikana, na sukari ikazidi. Chop suey ilipata umaarufu wake huko Marekani. Sisi tukaletewa hiyo ndiyo China. Sisemi ni mbaya, nimekula sahani nyingi nikashiba. Lakini baada ya sahani tatu ladha zote zinafanana, ni kama kusoma mwandishi ambaye wahusika wake wote wanaongea kwa sauti moja.

Hapo Kilimani nilipoulizia ile nyingine, weita, kijana wa rika langu, aliinama kidogo akaniambia, "Boss, hiyo ni ya wenyewe. Wakenya wakiagiza wanarudisha." Nikamwambia ailete tu.

Nilianza na mapo doufu, chakula cha Chengdu, mji mkuu wa mkoa wa Sichuan, kilichoanza karne ya 19. Ni tofu laini, nyama ya kusaga, na mchuzi wa pilipili na maharagwe mapana yaliyochachushwa, vyote vikiogelea kwenye mafuta mekundu. Juu wamenyunyiza huajiao, ambayo si pilipili kabisa. Ulimi unawaka, halafu midomo inakufa ganzi, halafu unataka tena. Nilipotafuta ni mti gani, nikakuta huajiao ni ya jenasi moja na mjafari wetu, ule ambao Wamaasai wanauita oloisuki na kuutia kwenye supu ya nyama. Yaani hicho kitu cha ajabu kina binamu hapa hapa Kenya, na hakuna menyu inayokuambia.

Kilichoniweka mezani saa mbili, hata hivyo, ni fuqi feipian. Jina linamaanisha mapafu ya mume na mke. Katika miaka ya 1930 bwana na bibi mmoja waliuza Chengdu vipande vya nyama za ng'ombe zisizo na bei, na jina likawaganda. Siku hizi mapafu kwa kawaida hayamo. Ni matumbo, ulimi na moyo, vimechemshwa, vikakatwa vyembamba kama karatasi, vikaliwa baridi na mafuta ya pilipili, karanga na ufuta. Mimi ni wa Mutuini. Vichinjio vya Dagoretti viko jirani, na matumbo nimeyala tangu nikiwa mtoto: yamechemshwa mpaka yakalegea, kisha nyanya na dania, na ugali. Sikuwahi kufikiria yanaweza kuachwa na ukakamavu wake, yakalia chini ya jino. Mpishi huyo anaamini kisu chake kuliko moto. Menyu ya Kiingereza ilikiita hicho chakula nyama ya ng'ombe baridi. Wale mume na mke wamefutwa, matumbo pia, na mtu wa Dagoretti anapita bila kujua kuwa ametajwa.

Biringanya zilikuwa hovyo, zimezama kwenye mafuta. Mandu yao yana unga mnene mno.

Na kuna sababu ya mimi kushikilia hili la menyu mbili. Machi 2015 iliripotiwa kuwa mkahawa mmoja wa Kichina hapa hapa Kilimani ulikuwa haupokei Waafrika baada ya saa kumi na moja jioni. Kelele zikapigwa, kaunti ikaufunga, mwenyewe akafikishwa kortini. Menyu iliyofichwa kaunta si kosa la aina hiyo, na yule weita hakuwa na ubaya, alikuwa ananiokolea pesa. Ila inaanza na dhana ileile kuhusu nani atakaa wapi na atavumilia nini. Eti hatuwezi pilipili. Eti hatuli vya ndani vya ng'ombe. Sisi, wa mutura!

Sahani hizo mbili na wali zilinitoka shilingi 1,900, ambazo kwa mtu anayelipwa kwa makala si mzaha. Nendeni wawili, mgawane. Agizeni wali mweupe, si wa kukaanga, kwa sababu yale mafuta mekundu yanahitaji kitu kitulivu cha kuyapokea. Na kama hamjui kutamka fuqi feipian, onyesheni picha kwa kidole, au semeni tu matumbo. Yule weita alinielewa mara moja.