Karantini: Amri Pekee Haitoshi

Katika mjadala juu ya mamlaka ya dola kuweka karantini, wapo wanaodai kuwa amri haihojiwi, na wapo wanaodai kuwa uhuru wa mtu binafsi haugusiki. Hoja zote mbili tunazikataa, kwani zinakwepa swali la msingi: ni tabaka gani linalobeba mzigo?

Tuitazame Monrovia, Liberia, wakati wa Ebola. Tarehe 20 Agosti, 2014, serikali iliuzingira mtaa wa mafukara wa West Point kwa askari na seng'enge. Wagonjwa na wazima walifungiwa pamoja. Wachuuzi walikatiwa riziki. Bei ya chakula ikapanda. Wananchi walipopinga, askari walifyatua risasi, na kijana wa miaka 15 akafa. Baada ya siku 10 amri iliondolewa. Kilichosaidia baadaye ni wakazi wenyewe kupita nyumba kwa nyumba kuwatafuta wagonjwa.

Dola lazima iwe na uwezo wa kumtenga mgonjwa. Bila hivyo umma hauna kinga. Lakini dola inayomtenga mnyonge bila kumlisha wala kumweleza sababu haizuii maradhi, bali inawafundisha watu kuficha wagonjwa wao. Kazi ya kada, basi, ni kufika kwa umma kabla ya askari.