Uhuru wa Kupewa na Uhuru wa Kujitwalia

Katika Uhuru wa Watumwa (1934), James Mbotela anasimulia habari za mateka waliookolewa baharini na manowari za Waingereza, wakafikishwa Freretown, Mombasa. Thamani ya kitabu haina shaka: kimehifadhi kumbukumbu za waliopitia utumwa. Kasoro yake imo katika vitenzi. Mwingereza huokoa, mtumwa huokolewa. Neno mtumwa lenyewe limebeba kauli ya kutendwa. Lakini Kiswahili kina neno jingine, mtoro, la mtu aliyetenda mwenyewe. Watoro wa Fuladoyo walijitwalia uhuru kabla utumwa haujafutwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Masimulizi yasiyowapa hao nafasi yao humfundisha msomaji kushukuru, lakini hayamfundishi historia.