Kanuni na Subira ya Mpigaji

Mpiga kanuni huanza mazoezi yake kwa kutega sikio. Ala imelala mapajani, nyuzi zimetandazwa juu yake. Kanuni ya Kiarabu, ile iliyoingia katika taarabu ya Unguja, kwa kawaida ina safu 26, na kila safu ni nyuzi tatu za sauti moja. Anagusa uzi wa kwanza, anauacha ulie, kisha anaulinganisha na wa pili, halafu wa tatu. Zikipishana hata kidogo, sauti inayumba. Anauzungusha ufunguo juu ya kigingi, kidogo sana, mpaka sauti itulie. Ndipo ahamie safu ya pili. Kazi hii ni ndefu, naye haiharakishi. Anajua kwamba sikio lisilonolewa sasa halitamwonya baadaye.

Kisha anavaa pete za chuma kwenye vidole vyake viwili vya shahada, na chini ya kila pete anachomeka risha, kibanzi chembamba cha kupigia.

Leo anajifunza bashrafu, muziki usio na maneno ambao hufungua onyesho la taarabu. Haupigi wote. Anachagua kipande cha mapigo machache tu, pale sauti inapotoka maqamu ya Rasti na kuingia Hijazi, yaani kutoka mpangilio mmoja wa noti hadi mwingine. Hapo ndipo penye ugumu. Mkono wa kushoto, uliokuwa ukifuatana na wa kulia kwa sauti ya chini, lazima uache nyuzi, ufike kwenye vibao vidogo vya chuma karibu na vigingi, uvipindue ili kubadili urefu wa nyuzi, kisha urudi kabla ya pigo linalofuata.

Anaanza na mkono huo peke yake, bila kutoa sauti: unaondoka, unapindua, unarudi. Anaurudia mwendo mpaka vidole vipate kibao bila msaada wa macho. Halafu mkono wa kulia peke yake, polepole, kila noti ikisikika kamili. Mwisho anaiunganisha mikono yote miwili, kwa mwendo wa taratibu kiasi kwamba kosa halipati nafasi.

Kosa likitokea, anasimama, wala halipiti kwa kasi. Anatafuta lilipoanzia, na mara nyingi si kwenye noti iliyoharibika, ni pigo moja kabla yake, mkono ulipochelewa kuondoka. Anaanzia hapo. Kipande kikinyooka, anaongeza pigo moja nyuma na moja mbele, ndipo aongeze kasi kidogo. Kisha anakiacha kabisa, anapiga kitu kingine, na kukirudia ghafla, aone kama mikono bado inakumbuka.

Uangalifu huu una sababu. Katika kundi la taarabu, udi, fidla na kanuni hufuata sauti moja, kila ala ikiipamba kwa namna yake; kibao kilichosahaulika husikika mara moja.

Masikio yakianza kuchoka anaacha, na kuweka alama ya penseli kwenye karatasi. Kesho, akishazirekebisha nyuzi, atakipiga kipande hicho kabla ya kitu chochote, mara moja tu. Jaribio hilo la kwanza ndilo kipimo anachokiamini kuliko wingi wa saa, kwa kuwa jukwaani hakuna la pili.